Je, Wajua? Wagusii Watatu Kati ya Wanne
Dhahabu ya Kenya ya mita 400 kupokezana vijiti, Olimpiki ya Munich 1972, ililetwa na wanaume wanne. Watatu ni Wagusii: Charles Asati, Hezekiah Nyamau na Robert Ouko.

Ouko, mzaliwa wa Manga, Nyamira, alisoma North Carolina Central University, Marekani. Wa nne, Julius Sang, naye alisoma hukohuko.

 

Mgusii mwingine, mkimbiaji Yobes Ondieki wa Kisii, alipitia chuo cha Iowa State, pia Marekani. Oslo, Julai 10, 1993, alimaliza mita 10,000 kwa 26:58.38, binadamu wa kwanza chini ya dakika 27. Rekodi aliyoivunja, ya Mkenya Richard Chelimo, ilikuwa na siku tano tu.