Kiraka Chako Kimekataliwa? Usijilaumu Kwanza

Nikiwa mwaka wa pili niligundua kosa dogo kwenye programu huria ninayochorea grafu za hesabu. Nikalirekebisha, mistari mitatu tu, nikakopi, nikapesti kwenye barua pepe, nikawatumia wenyewe. Jibu likaja fupi: kiraka hakiingii. Nikanywea. Nikajisemea, sisi wa Elimu haya mambo tuwaachie watu wa Kompyuta. Baadaye ndipo nikajua kwamba marekebisho yangu yalikuwa sahihi. Barua pepe ndiyo iliyoyaharibu.

Kiraka ni faili la maandishi linaloonyesha mabadiliko. Mstari unaoanza na alama ya kutoa unaondolewa, wa kujumlisha unaongezwa, na unaoanza na nafasi tupu unabaki ulivyo. Hii ya mwisho ndiyo inayoiambia kompyuta mahali pa kushona, kwa hiyo lazima ifanane na ya asili herufi kwa herufi, hata nafasi.

Sasa programu nyingi za barua pepe zimezoea salamu na matangazo, si msimbo. Zinavunja mstari mrefu, kipande cha pili kinabaki hakina alama mbele. Zinageuza Tab kuwa nafasi za kawaida. Nyingine zinatuma kwa HTML. Wewe kwa macho huoni tofauti, ila kompyuta inaiona.

Utauliza, kwa nini watu wang'ang'anie barua pepe? Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, mpaka leo inapokea viraka kwa njia hiyo. Msomaji anajibu palepale chini ya mstari wenye tatizo, kama mwalimu anavyosahihisha daftari. Ndiyo maana hata kiambatanisho hawakipendi. Na kwetu sisi wa bando la kuungaunga, barua ya maandishi matupu ni nyepesi.

Fanya hivi:

1. Usikopi na kupesti. Ukishahifadhi mabadiliko kwenye Git, andika `git format-patch -1`. Utapata faili la kiraka.

2. Weka taarifa za seva ya barua pepe yako kwenye mipangilio ya Git, kisha tuma kwa `git send-email`. Yenyewe haigusi nafasi wala haivunji mistari.

3. Kabla ya kuwatumia wenye programu, jitumie mwenyewe. Pakua ujumbe mzima ulivyo, nenda kwenye tawi ambalo halina mabadiliko yako, kisha andika `git am` na jina la faili. Ikikubali kwako, ujue barua pepe haijakiharibu. Ikikataa, umejiokoa na aibu.

Hatua ya tatu inachukua dakika chache tu, na ndiyo niliyoiruka. Nilipoifuata, kiraka changu kilipita, mistari ileile mitatu. Sikubadilisha hata herufi moja.