Mcheza Kwao Hutunzwa: Bendi ya Msondo kama Chuo cha Jazi

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii aghalabu hufasiriwa kuwa inahusu zawadi anayopewa mchezaji uwanjani. Hata hivyo, kitenzi kutunza kina maana mbili: kumpa mtu tuzo, na kukihifadhi kitu kisiharibike. Makala haya yanaeleza kwa nini bendi kongwe ya Dar es Salaam, Msondo Ngoma, inastahili kutunzwa kwa maana zote mbili. Sababu kuu ni kwamba bendi hiyo haikuwa kikundi cha burudani tu, ilikuwa chuo.

Ni vyema kuanza na neno jazi lenyewe. Muziki unaoitwa hivyo ulichipuka miongoni mwa Wamarekani Weusi, hasa katika mji wa New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20. Neno lilipofika Afrika Mashariki lilivaa maana ya wenyeji: bendi ya dansi yenye magitaa, ngoma na, mara nyingi, ala za kupuliza. Dar es Salaam Jazz iliundwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Katika eneo la Ziwa Viktoria, D. O. Misiani, mzaliwa wa upande wa Tanzania aliyefariki mwaka 2006, aliongoza Shirati Jazz iliyopiga benga. Kwa hiyo, msikilizaji wa Amalemba mjini Kakamega alilisikia neno jazi kutoka kwa majirani zake bila kulazimika kuijua New Orleans.

Msondo ilianzishwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ikiwa mali ya chama cha wafanyakazi cha Tanzania. Chama kilipobadilika, jina la bendi nalo lilibadilika: ikawa JUWATA Jazz, yaani bendi ya Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania, kisha OTTU Jazz. Hatimaye ilibaki na jina la mtindo wake, Msondo. Umilikaji huu ulikuwa na maana kubwa. Mwajiri alinunua ala na kulipa mishahara. Mwanamuziki asiye na uwezo wa kununua gitaa aliweza kulishika kila siku. Pasipo ala hakuna mazoezi, na pasipo mazoezi hakuna mafunzo.

Je, mafunzo hayo yalikuwa ya namna gani? Hayakuhitaji ubao wala chaki. Wimbo wa dansi wa Tanzania kwa kawaida una sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza waimbaji husimulia kisa kwa utulivu: ndoa iliyovunjika, ndugu waliogombana, au kijana aliyepuuza wazee wake. Katika sehemu ya pili mwendo huongezeka. Magitaa ya solo, rithimu na besi hujibizana, tarumbeta na saksafoni huitikia, na wachezaji hupata nafasi yao. Majibizano haya hayafundishiki kwa mtu aliye peke yake. Mwanagenzi hana budi kusikiliza, kuiga, kukosolewa na kurudia, hadi ajue lini apige na, muhimu zaidi, lini anyamaze. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atatambua mara moja kwamba hii ndiyo njia ambayo manju na malenga wamefunzwa kwayo tangu zamani.

Ubora wa chuo hujulikana kwa wahitimu wake. Muhidin Maalim Gurumo aliimba katika NUTA Jazz tangu miaka ya mwanzo. Mwaka 1978 alihamia Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka huo huo na ambayo mtindo wake ni Sikinde. Mwaka 1985 alijiunga na Orchestra Safari Sound, na baadaye akarejea Msondo. Hassan Rehani Bitchuka naye aliimba Msondo na Sikinde pia. Mashabiki waliwaona mahasimu. Lakini kwa jicho la mtafiti, uhasimu huo ulieneza maarifa ya nyumba moja hadi nyingine. Hata mitindo hiyo miwili imechukua majina yake katika ngoma za jadi za pwani.

Hapa ndipo Kakamega inapopata sauti katika mjadala huu. Isukuti ya Waisukha na Waidakho nayo imeitwa kwa jina la ngoma zake, ambazo hupigwa tatu pamoja: kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe ya swala na njuga za chuma. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Ilielezwa kwamba wengi wa wajuzi wake ni wazee wasio na warithi, na kwamba fedha na vifaa vya kutengenezea ala ni haba. Mwaka huo huo, mwezi Aprili, Gurumo alifariki. TX Moshi William, mtunzi na mwimbaji mashuhuri wa Msondo, alikuwa amekwisha kufariki mwaka 2006. Tofauti ni kwamba isukuti ilipata orodha ya kuitetea. Ujuzi wa bendi za jazi huzikwa pamoja na wenyewe, na rambirambi ndizo zinazobaki.

Ni dhahiri, basi, kwamba tuzo pekee haitoshi. Heshima kwa chuo ni kuendeleza masomo yake. Jambo la kwanza ni kuzinakili nyimbo hizi kikamilifu, pamoja na majina ya watunzi na wapigaji, kwani msikilizaji hukumbuka wimbo na kumsahau mtunzi. La pili ni kuzifundisha kama matini za Kiswahili, sambamba na mashairi ya diwani. La tatu ni kuwaalika wanamuziki walio hai wafundishe wangali na nguvu. Mwanafunzi wa Amalemba hahitaji nauli ya Dar es Salaam ili aanze kazi hii. Anaweza kuanza na mpiga isukuti aliye jirani naye, amsikilize, aandike, na amwombe amfundishe. Akifanya hivyo atakuwa amemtunza mcheza kwao kwa maana zote mbili za neno hilo.