Maziwa Matatu Ndani ya Ramani Moja
Ramani katika kompyuta, sehemu ya nne

Agosti 2025 Umoja wa Afrika ulitangaza kuunga mkono kampeni ya kuiondoa ramani ya Mercator mashuleni na maofisini, na mjadala wake bado haujapoa. Nimefurahi. Gerardus Mercator aliichora ramani ile mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, ili nahodha apige mstari mnyoofu na kuufuata kwa pembe ileile ya dira mpaka afike. Kwa kazi hiyo haina mpinzani. Tatizo ni kwamba kadiri unavyoiacha ikweta ndivyo nchi zinavyovimba, hata Greenland ikaonekana kutoshana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara kumi na nne.

Kinachoniudhi ni kuona mjadala wote umekuwa wa kusubiri. Tunangoja ramani mpya ichapishwe na mwingine, iletwe, itundikwe ukutani. Kwa nini? Programu ya kuchora ramani, QGIS, tuliisakinisha katika sehemu ya tatu, na ni ya bure kwa haki kabisa. Gary Sherman aliianza mwaka 2002, na tangu hapo inajengwa na watu wa mataifa mengi chini ya leseni inayokuruhusu kuitumia, kuinakili na kumpa jirani. Anayetumia nakala ya wizi ya programu ya maelfu ya dola ili achore mipaka ya kata yake hana kisingizio.

Ifungue sasa. Chini ya dirisha kuna kisanduku kinachoonyesha majiranukta ya mahali kipanya kilipo. Andika humo neno world kwa herufi ndogo, bonyeza Enter, na ramani ya dunia itatokea. Kisha nenda pembe ya chini kulia, palipoandikwa EPSG na namba. Bofya hapo, tafuta 3395, uone Mercator. Rudi utafute 8857, uone Equal Earth, ile inayopendekezwa na kampeni, iliyobuniwa mwaka 2018 na Bojan Šavrič, Tom Patterson na Bernhard Jenny. Umeigeuza sura ya dunia kabla hujameza mate, na hukumwomba mtu ruhusa.

Wengi huishia hapo, wakapiga picha ya skrini na kuisambaza. Mimi naona sura ya ramani ni jambo dogo likilinganishwa na swali jingine: nani alisema kitu hiki kiko hapa, na alijuaje? Msomaji anayetaka vibonyezo peke yake anivumilie, maana kwa swali hilo sina budi kwenda Tanga.

Mwaka 1854 Jakob Erhardt, mmisionari Mjerumani aliyekuwa na Johannes Rebmann kule Rabai, nyuma ya Mombasa, alikaa Tanga miezi kadhaa. Alikuwa mtu wa kuuliza. Wafanyabiashara wa misafara walimweleza safari zao za bara, vituo, milima, siku za kutembea. Akagundua jambo lililomshangaza: waliofuata njia ya kaskazini walifika kwenye maji makubwa, waliopita njia ya kati walifika kwenye maji makubwa, na wale wa njia ya Kilwa nao vilevile. Wasemaji wote hao walikuwa wakweli. Walikuwa wakimsimulia Nyanza (Ziwa Victoria), Tanganyika na Nyasa, kila mmoja ziwa lake.

Erhardt akayaunganisha. Aliona kwamba kama kila njia inaishia majini, basi maji ni yaleyale. Akachora ziwa moja la ajabu, lililoanza karibu na ikweta na kuteremka hadi karibu nyuzi 13 kusini, limepinda na kunenepa upande mmoja hata Waingereza wakalifananisha na konokono asiye na gamba. Mwaka 1856 ramani hiyo ilichapishwa katika jarida la August Petermann kule Gotha, Ujerumani. London nako ilizua ubishi mkubwa, na ikawa sababu mojawapo ya Royal Geographical Society kumtuma Richard Burton, pamoja na John Hanning Speke, kwenda kutafuta ukweli.

Ukweli waliupata wakiwa wamekaa kitako. Walipofika Kazeh, palipo Tabora ya leo, mwishoni mwa 1857, walipokewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Speke akamkunjulia ile ramani. Snay akawaeleza kwamba maziwa ni matatu, si moja, na kwamba la kaskazini ni kubwa kuliko la Ujiji. Speke mwenyewe ameyaandika hayo. Burton na Speke wakafika Ujiji Februari 1858, Speke akaiona Nyanza Agosti mwaka huohuo, naye Livingstone akafika Nyasa mwaka 1859. Waliopewa sifa ya ugunduzi mnawajua, mmewakariri tangu shule ya msingi. Jina la Snay bin Amir sijawahi kuliona katika swali la mtihani.

Angalia kosa la Erhardt lilikuwa wapi. Taarifa zake zilikuwa nzuri kuliko za Mzungu yeyote wa wakati wake. Aliziharibu pale alipozimimina zote katika mchoro mmoja, zikapoteza wenyewe. Nani alisema nini, akitokea wapi, akipita njia gani? Wino wake ulifuta maswali hayo.

Ndiyo maana ninasisitiza leya. Katika QGIS kila taarifa hukaa katika tabaka lake. Barabara ziko peke yake, visima peke yake, mipaka ya vijiji peke yake. Visima ulivyopewa na mwenyekiti wa kijiji usivichanganye na vile ulivyopima mwenyewe kwa GPS. Vifanye leya mbili. Ukifungua sifa za leya utakuta ukurasa wa metadata, ambao watu karibu wote huuacha mtupu. Ujaze. Andika nani alitoa taarifa, lini, kwa chombo gani. Ofisi ngapi zinagawa ramani yenye rangi nzuri na nembo, bila hata mstari mmoja unaosema mipaka ile ilitoka wapi? Huo ni ukoloni tuliourithi kwa hiari.

Kazi ya kuanzia iwe orodha fupi: vituo kumi vya maji, jina, longitudo na latitudo, katika lahajedwali iliyohifadhiwa kama CSV. Nenda menyu ya leya, uongeze leya ya maandishi yaliyotenganishwa kwa koma. Programu itauliza safu ipi ni X na ipi ni Y. X ni longitudo. Watu husoma GPS ikitaja latitudo kwanza, wakaingiza hivyohivyo, na Dar es Salaam, iliyo karibu longitudo 39.28 na latitudo -6.8, ikaibukia magharibi ya Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Ukisahau alama ya kutoa, Dar es Salaam itahamia Ethiopia, upande wa milima ya Bale. Makosa hayo huonekana mara moja na hayana madhara.

Linaloumiza ni kosa la mita 300. Mawe mengi ya mipaka na ramani zetu za 1:50,000 vimesimama juu ya datamu (msingi wa kuhesabia longitudo na latitudo) ya Arc 1960, na simu yako inatumia WGS 84. Namba zilezile zikisomwa katika datamu hizi mbili huangukia sehemu mbili zilizoachana kwa karibu mita 300, hasa kaskazini na kusini. Katika kijiji hayo ni mashamba ya watu. Hapo undugu hugeuka kesi.

Na Arc 1960 imetoka wapi? Chimbuko lake ni Buffelsfontein, karibu na Gqeberha (zamani Port Elizabeth), Afrika Kusini. Mwaka 1879 David Gill, mnajimu wa serikali ya Uingereza kule Rasi, alipendekeza mnyororo wa pembetatu utakaoifuata longitudo ya nyuzi 30 toka kusini mwa Afrika hadi Misri. Ulichukua miaka 75. Sehemu ya Tanganyika ilipimwa na Martin Hotine mwanzoni mwa miaka ya 1930, kilele kwa kilele, kwa vyombo vilivyobebwa na wapagazi. Pengo la mwisho, upande wa Sudan, liliunganishwa na Wamarekani mwaka 1954. Kwa hiyo jiwe la mpaka lililo nyuma ya nyumba ya babu yako huenda linahesabiwa kutoka jiwe lililoko Afrika Kusini, na wanaogombana juu yake hawajawahi kuambiwa hivyo. Wapima ardhi wa Tanzania wana mfumo mpya, TAREF11, lakini karatasi za zamani hazijafa.

Nafasi inaniishia, nami sijagusa mengi niliyoahidi. Haya ya haraka. Mtu akikutumia shepufaili (aina ya faili ya kuhifadhia leya), akupe na wenzake wote: .shp, .shx, .dbf na .prj. Ikikosekana .prj hujui datamu yake, na kukisia hapo ni kumrudia Erhardt. Shepufaili pia hukata majina ya safu kwenye herufi ya kumi, kwa hiyo idadi_ya_wakazi itabaki idadi_ya_w. Hifadhi kazi zako katika GeoPackage, iliyo faili moja isiyo na ubakhili huo. Na zipo amri mbili zinazofanana: moja huitangazia leya datamu yake, nyingine huihamisha leya kwenda datamu nyingine. Ya kwanza hutumika tu pale ambapo datamu ilikosekana na wewe una ushahidi wake wa maandishi.

Wiki ijayo tutapima eneo. Uwe umeweka vituo vyako kumi vya maji, umejaza metadata, na umevihamishia katika kanda yako ya UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda za longitudo: Kigoma mjini ni 35 kusini, Tabora na Dodoma mjini ni 36, Tanga na Dar es Salaam ni 37. Walio Dodoma waangalie vizuri, kwa sababu mpaka wa kanda ya 36 na 37 uko mashariki kidogo ya mji.