Muhula mpya: Anayevuka mpaka kwenda chuo amebeba jasho la soko

KATIKA foleni za Malaba, Busia, Mutukula na Gatuna msimu huu, si wafanyabiashara peke yao wanaosubiri kugongewa muhuri. Kati ya akina mama wenye marobota ya vitenge na vijana wenye magunia ya mahindi wamo wanafunzi wa vyuo vikuu, sanduku mkononi na godoro begani. Makerere hufungua mwaka wa masomo Agosti, vyuo vingi vya Kenya hufungua Septemba, na zamu ya Dar es Salaam huwa karibu na Oktoba au Novemba.

Wengi wao ni watoto wa soko. Karo yao imetokana na nyanya, mitumba, samaki wakavu na maharage yaliyovushwa mpaka huo huo. Kwa hiyo muhula unapoanza, mtihani wa kwanza humkabili mzazi, hata kabla ya mwanafunzi: ailipe karo yote sasa na kubaki bila mtaji, au abaki na mtaji na kumwacha mtoto bila usajili?

Wafanyabiashara wenye uzoefu hawangoji barua ya chuo ndipo waanze kutafuta fedha. Kila wanaporudi kutoka safari ya mzigo hutenga fungu la karo, wakaliweka mbali na fedha za kununulia bidhaa. Likichanganywa na mtaji huliwa na mzigo unaofuata, na mtaji ukigeuzwa karo yote, muhula wa pili hukosa pa kutoka. Vyuo vingi hupokea karo kwa awamu, lakini kila awamu ina tarehe yake. Mwanafunzi asiyemaliza malipo huweza kuzuiwa kufanya mtihani hata kama amehudhuria kila kipindi. Tarehe hizo zinafaa kuandikwa kwenye daftari la duka, kando ya madeni ya wateja.

Ni salama zaidi karo kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Kijana anayevuka na noti mfukoni hukutana na wabadilisha fedha wa kando ya barabara, na mfanyabiashara wa mpakani anajua vizuri jinsi noti bandia na hesabu za haraka zinavyomaliza faida ya mwezi mzima.

Haki za mwanafunzi mpakani

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, haihusu bidhaa tu. Inampa pia raia wa nchi mwanachama nafasi ya kuingia nchi jirani kusoma. Mwanafunzi aliyepata nafasi chuoni anatakiwa kuomba kibali cha mwanafunzi katika idara ya uhamiaji, na kwa raia wa Jumuiya kibali hicho hutolewa bila malipo. Anayeombwa "chai" ili apewe ana haki ya kudai risiti au kumwona mkubwa wa kituo.

Kati ya Kenya, Uganda na Rwanda, kitambulisho cha taifa kimekubaliwa kuwa hati ya kusafiria tangu mwaka 2014. Hata hivyo, kuvuka kwa kitambulisho ni jambo moja, na kukaa muhula mzima kwa kibali ni jingine. Kabla ya kuondoka nyumbani, mwanafunzi ahakikishe ana barua ya chuo, nakala za vyeti, picha ndogo na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho maafisa wa afya huweza kukidai.

Kuhusu karo, mzazi aulize mapema. Vipo vyuo vinavyomtoza raia wa Jumuiya sawa na mwenyeji, na vipo vinavyomhesabu kuwa mgeni. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, ndilo linalosimamia kazi hiyo. Tangazo limetoka, lakini ankara ya chuo ndiyo inayolipwa. Isomwe kwa makini.

Njia iliyopitwa na wengi

Kwenda kusoma kwa jirani hakukuanza leo. Julius Nyerere alitoka Tanganyika kwenda Makerere miaka ya 1940, na Mwai Kibaki alitoka Kenya kwenda huko huko miaka ya 1950. Yoweri Museveni alitoka Uganda kwenda Dar es Salaam miaka ya 1960. Kati ya 1963 na 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kikuu kimoja. Aliyetaka udaktari alikwenda Kampala, wa uhandisi Nairobi, wa sheria Dar es Salaam.

Wa karibuni zaidi nao wameonja magumu. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa mwaka 2019, njia waliyoizoea wanafunzi wa Rwanda na Uganda ilikatika ghafla, na ulifunguliwa tena Januari 2022. Katikati ya hapo likaja janga la korona na vyuo vikafungwa. Hata hivyo, wapo waliosubiri, wakarudi darasani na kuhitimu.

Anayerudi akiwa ameanguka masomo mawili muhula uliopita asikate tamaa. Kuteleza si kuanguka. Mitihani ya marudio imewekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Lenye madhara zaidi ni kumficha mzazi. Soko linajua kuvumilia hasara iliyotajwa mapema, lakini deni linalofumuka siku ya mahafali huvunja nyumba. Amwone mhadhiri wiki ya kwanza, ajiandikishe kurudia somo, kisha awaambie waliomlipia.

Mzazi naye ana sehemu yake. Simu ya Alhamisi ya kumwita kijana ashuke mpakani apokee mzigo inaonekana ndogo, kwa kuwa ni siku moja tu. Lakini majaribio na kazi za darasani huhesabiwa katika alama za mwisho, na siku moja ikijirudia kila wiki hula somo zima. Likizo ni ndefu, na mzigo utamngoja. Wakati huo kijana wa hesabu aonyeshwe daftari la duka, na wa sheria asome fomu za forodha ambazo mama amekuwa akizijaza kwa kubahatisha. Hapo karo huanza kurudi nyumbani hata kabla ya shahada.

Kwa sasa kazi zimegawanyika: mzazi alinde mtaji, mwanafunzi alinde muda.