Uzito wa Maji Ghorofani

Mwalimu mwenzangu, akaaye ghorofa ya tatu, alinunua tangi la kioo la kufugia samaki: urefu mita 1.5, upana mita 0.5, kimo mita 0.6. Vijana wanne walilipandisha ngazi likiwa tupu. Kabla hajalijaza aliniuliza, "Ndugu, sakafu itastahimili?" Chini yake huishi familia yenye watoto, kwa hiyo swali hilo halikuwa la mzaha.

Hesabu yake haimshindi mwanafunzi wa Kidato cha Pili. Ujazo ni mita za ujazo 0.45, yaani lita 450. Na kwa kuwa lita moja ya maji ni kilogramu moja, maji pekee ni kilogramu 450. (Wanafizikia wataniwia radhi nikitaja uzito kwa kilogramu, kama sokoni.) Pamoja na kioo, changarawe na meza, tunafikia kama 600. Mzigo huo umekaa juu ya eneo la mita mraba 0.75 tu, yaani kilogramu 800 kwa kila mita mraba. Kanuni za Kiingereza, ambazo wahandisi wetu walizifuata kwa miaka mingi, zilikadiria mzigo wa sakafu ya nyumba ya kuishi kuwa kama kilogramu 150 kwa mita mraba.

Je, sakafu itaporomoka? Si lazima. Kadirio hilo ni la chumba kizima: chumba cha mita 4 kwa 4 kimekusudiwa kubeba kilogramu 2,400. Jambo kubwa ni mahali mzigo unapokaa. Laza rula juu ya vitabu viwili, uweke jiwe katikati, kisha ulisogeze karibu na kitabu kimoja. Rula itainuka. Tukiichukulia sakafu kama rula hiyo, yenye mita 4 baina ya kuta, tangi lililo nusu mita kutoka ukutani huipinda kwa nguvu isiyofikia nusu ya ile ya tangi lililo katikati. Lakini ukuta huo sharti uwe ule unaobeba sakafu; ukuta wa kugawia vyumba tu hausaidii kitu. Na kibaraza kinachoning'inia nje kisifikiriwe kabisa.

Tena wageni tisa wa arusi wana uzito kama huo, ila wao huenda zao usiku. Tangi hubaki miaka, na zege lililobebeshwa mzigo wa kudumu huendelea kupinda polepole.

Tulimwita mhandisi, akatazama ramani ya jengo na kutuonyesha ukuta ufaao. Siku ya kulijaza tulipima, katika pembe zote nne, umbali kutoka uso wa maji hadi ukingo wa kioo, kwani maji yaliyotulia hayainami pamoja na sakafu. Vipimo vinne vimeandikwa kwa penseli ukutani. Kila mwisho wa mwezi mwenzangu huvirudia kwa rula ya binti yake.