Konokono Waliowachanganya Wataalamu

Sisi watu wa Urambo tunalijua Ziwa Tanganyika kwa migebuka na dagaa kuliko kwa jiolojia. Shuleni tulikariri mistari miwili: limetokana na bonde la ufa, kina chake mita 1,470, basi, tugeuze ukurasa. Kumbe ziwa hilo liliwahi kuwagombanisha wasomi, na chanzo cha ugomvi kilikuwa konokono.

Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Ujiji kwa njia ya misafara ya Tabora, na Speke akaokota magamba ya konokono ufukweni. Miaka ishirini baadaye mmisionari Edward Hore akaweka makazi Ujiji, naye akakusanya. Mwaka 1880 Edgar Smith wa London alimpa mmoja wao jina la Tiphobia horei, kumkumbuka Hore. Mizigo ya wakati ule ilifika pwani mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Sijasikia konokono aliyepewa jina la mpagazi, lakini tuendelee.

Tatizo lilikuwa sura. Konokono wa maji baridi kwa kawaida ni mnyonge, gamba jembamba lisilo na urembo. Hawa wa Tanganyika wana magamba mazito, yenye mistari na hata miiba, utadhani wametoka Bagamoyo. Ziwani kuna hata yavuyavu! Mwingereza J. E. S. Moore alikuja mwaka 1896, akarudi 1899, akawalinganisha na visukuku vya baharini vya kipindi cha Jurasiki. Vikafanana. Mwaka 1903 akatoa kitabu, The Tanganyika Problem, akidai ziwa ni kipande cha bahari ya kale kilichobaki nchi kavu. Hoja ilikuwa tamu. Mimi ningempa A.

Iliyomwangusha ni ardhi yenyewe. Ganda la dunia likivutwa huku na huku hupasuka, na kipande kimoja huzama upande mmoja, kama kitanda kilichovunjika mguu. Maji yanajikusanya upande uliozama, mito inaleta tope. Ziwa la kawaida hujaa tope likafa. Hili halijai kwa sababu sakafu inaendelea kushuka: leo sehemu yake ya chini kabisa iko kama mita 700 chini ya usawa wa bahari, na chini ya hapo kuna kilomita kadhaa za mashapo. Kwa kukadiria kasi ya tope kujilundika, watafiti wanalipa ziwa umri wa miaka milioni 9 hadi 12. Jurasiki iliisha miaka milioni 145 hivi iliyopita. Hesabu ya Moore haikubali.

Sasa magamba mazito yametoka wapi? Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 unaelekeza kwa kaa wa ziwani, wenye magando ya kuvunjia konokono. Kwa mamilioni ya miaka kaa wameongeza nguvu, konokono wakaongeza unene. Ukipanga mtaa wenye vibaka unaweka nondo dirishani. Haina maana umezaliwa gerezani.

Visukuku vingi vya ziwa hili, basi, vimelala chini ya maji na tope, havifikiki kwa jembe. Ila nyufa hazifichi tu. Jirani, kwenye bonde la Rukwa, mkono uleule wa magharibi, zimeinua matabaka ya zamani zaidi na mito ikayachana. Humo ndimo lilimotoka taya la Rukwapithecus, sokwe wa kale wa miaka milioni 25, aliyetangazwa mwaka 2013.

Na kwetu? Mvua ya Urambo huingia Ugalla, kisha Malagarasi, kisha ziwani. Inaaminika Malagarasi ni mkubwa kwa umri kuliko ziwa: ulikuwa ukienda moja kwa moja Kongo, ardhi ikazama katikati ya safari yake. Hadi leo baadhi ya samaki wake wana ndugu upande wa pili, kwenye mto Kongo.