Hamira Nayo Yahitaji Hewa

Wengi wetu hula vitumbua bila kufikiri ni kitu gani kilichoviumua. Huku kwetu Sinza, upande wa Kijiweni, mama yangu huviuza kila asubuhi, na nauli yangu ya kuja bweni hutoka humo. Mchele hulowekwa tangu jioni, nazi hukunwa, hiliki hutwangwa. Basi hamira ikiwa imekufa, rojo haliumuki, na mtaji wa siku nzima umekwenda. Kwa hiyo nimeona yafaa kueleza jinsi hamira inavyoamshwa, na kazi ya hewa katika jambo hilo.

Hamira si dawa. Ni kiumbe hai, jamaa ya uyoga, kidogo hata hakionekani ila kwa hadubini. Chembe moja huchipuza kitoto ubavuni, nacho kikikua huachana na mamaye. Chakula chake ni sukari. Ikila sukari hutoa hewa ya kaboni, nayo ndiyo ifanyayo vile vitundu ndani ya kitumbua, pamoja na alkoholi kidogo ambayo huruka motoni.

Mfaransa Louis Pasteur alionyesha mwaka 1861 ya kuwa hamira yaweza kuishi pasipo oksijeni, lakini ikiipata huzaana zaidi sana kwa sukari ile ile. Sababu ilijulikana baadaye. Ngozi ya chembe hujengwa kwa mafuta ya namna fulani, na hamira haiwezi kuyafanya mafuta hayo bila oksijeni. Kila mama humgawia mtoto sehemu ya akiba yake. Akiba isipoongezwa, baada ya vizazi vichache ngozi hudhoofika na kuzaana hukoma.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Twaa kikombe cha maji ya vuguvugu, utie kijiko cha sukari na kijiko kidogo cha hamira. Maji yakifika nyuzi 60 hamira hufa. Mama hana kipimajoto. Huchovya kidole, na akisikia joto la maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, huridhika. Povu likipanda baada ya dakika kumi, hamira ni hai. Lisipopanda, imwage. Umepoteza kijiko cha sukari, hukupoteza mchele.

Lakini wako watakao hamira kidogo ipate kuwa nyingi, nao huhitaji siku nzima. Hapo ndipo hewa inapokuwa na maana. Maji yaliyochemshwa ni salama, walakini kule kuchemka kumekwisha kuifukuza hewa iliyokuwamo. Yakipoa, yamimine toka jagi hili hadi lile, kutoka juu, mara kumi au zaidi, mpaka yafanye mapovu. Kisha tia sukari na vijiko viwili vya unga wa ngano, kwa maana sukari tupu haijengi mwili wa hamira, kama vile chai tupu isivyomjenga mwanafunzi. Funika kwa kitambaa safi, ukoroge kila upitapo. Usiweke katika chupa iliyokazwa, yaweza kupasuka. (Hamira kavu ya dukani hupulizwa hewa nyingi kiwandani, hivyo huja na akiba yake, kwa vitumbua vya siku moja haina haja ya kumiminiwa hivi.)

Katika viwanda vya bia, kama kile cha Ilala, kanuni ni hiyo hiyo. Kunywa hakutuhusu sisi wanafunzi, ila kemia yake yatuhusu. Maji ya kimea huchemshwa, hupozwa, kisha hutiwa hewa safi au oksijeni mwanzoni, hamira ipate kuzaana. Baada ya hapo mlango hufungwa. Hamira ikiisha kuanza kazi, hewa hugeuka adui: huharibu ladha ya bia, tena huwapa nguvu bakteria wageuzao alkoholi kuwa siki. Jambo hilo wagema wa pwani walijua zamani bila hadubini, maana tembo la mnazi likiachwa wazi siku chache huwa siki.

Rojo la vitumbua halifiki huko. Huumuka saa moja au mbili tu, na kabla ya adhana ya alfajiri limekwisha kuingia chumani.